Nta Isiyo na Harufu Yake

Mwezi wa pili mwaka wa 1971 mama alikufa, nyumba yake ikiwa na kuta na milango lakini bado haijaezekwa. Mabati yalikuwa yameegemezwa ukutani, yamefunikwa kwa magunia. Aliugua kifua, na hakuugua kwa muda mrefu. Tulimzika kwenye kona ya kipande chetu, upande wa Yamumbi, katika ardhi ambayo alikuwa ameilima msimu mmoja tu.

Tulikuwa tumetoka Gilgil. Baba na mama walifanya kazi katika shamba la mzungu huko bondeni tangu kabla sijazaliwa. Uhuru ulipokuja mzungu aliuza, na watu waliokuwa na akiba wakajiunga na vyama vya kununua mashamba. Chama chetu kilipata shamba huku Eldoret, kikaligawa vipande, na kila mwanachama akachota karatasi yake kutoka kwenye kofia. Mama ndiye aliyeingiza mkono kwa niaba yetu, kwa sababu baba alisema mkono wake mwenyewe haujawahi kuokota kitu kizuri isipokuwa mara moja, na mara hiyo ilimtosha. Watu walicheka. Mama aliangalia chini, lakini niliona amefurahi.

Kwetu, nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume anaweza kuijenga kwa mikono yake, lakini mwenye nyumba ni mke, na yeye ndiye anayeingia kwanza na kuwasha moto. Baba alilijua hilo tangu utoto wake. Ingawa alikuwa amebatizwa na kila Jumapili alivaa koti, jambo hilo halikumtoka. Mafundi walipomaliza kuezeka, aliizunguka nyumba polepole, akaugonga ukuta kwa vidole, akawashukuru. Kisha akarudi katika kibanda cha mbao tulichokuwa tukiishi na kupikia wakati wa ujenzi, akaketi mahali pake pa siku zote.

Nilimwendea nikamwambia vitu viko ndani na kitanda kimetandikwa.

"Mama," akasema. Aliniita hivyo siku zote, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Siwezi kumtangulia mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hayupo, baba."

"Basi ndiyo hivyo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kuwa mto umejaa na hauvukiki leo.

Alilala kibandani mwezi wa tatu wote. Mwezi wa nne mvua zikaanza, na mvua ya Eldoret si kama ya bondeni. Ni ya baridi, na mara nyingine inakuja na mawe. Kibanda kilivuja katika kila pembe. Baba akaanza kukohoa, na kikohozi hicho nilikijua, kwa sababu ndicho mama alichoanza nacho. Ndugu zangu walikuwa wamebaki Nakuru kazini. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na nilijua kwamba asipohamia chini ya mabati nitamzika kando ya mama kabla mahindi hayajabeba.

Nilimwomba. Nilimtuma mzee wa kanisa amwombe. Alimsikiliza mzee wa kanisa kwa heshima, akamsindikiza hadi njiani, akarudi kibandani.

Mama alikuwa na mto wa kulalia alioushona mwenyewe kutoka kwa gunia la unga na kuujaza majani ya leleshwa. Aliyepita bondeni anaujua mti huo. Ni kichaka cha majani ya kijivu, utadhani yamepakwa jivu, na ukiyasugua kiganjani yanatoa harufu kali na tamu inayofika hadi nyuma ya macho. Wafugaji huko huyaweka kwapani wakitembea safari ndefu. Mama aliyalalia. Pia aliyaponda na kuyachanganya na mafuta ya kondoo, akajipaka mikononi na shingoni baada ya kuoga. Ungeweza kufumba macho katikati ya watu na ukajua yuko upande gani.

Alipojua tunahama alichimba miche ya leleshwa akaileta huku kwenye mkebe, akaipanda mbele ya mahali pa nyumba. Huku leleshwa haikubali. Udongo umeshiba maji mno. Ilikauka kuanzia juu, jani baada ya jani, naye akaing'oa mwenyewe. Kwa hiyo majani yaliyobaki yalikuwa yale ya ndani ya mto. Nilikuwa nimeuweka kwenye kitanda chake katika nyumba mpya, na mchana, nikifagia, niliingiza uso humo. Wakati mwingine sikufagia.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu, na sitasema lilikuwa la akili sana. Niliwaza kwamba kama baba hawezi kumtangulia mama, basi harufu yake itangulie. Ijae nyumbani hadi mlangoni. Mto peke yake haukuweza, ulinukia hapo kichwani tu.

Nilipokuwa msichana nilisaidia katika jiko la yule mzungu wa Gilgil. Mke wake alikuwa na mishumaa iliyonukia maua, na mara moja nilimwona akitengeneza mipya kutoka kwa vipande vya zamani. Aliviweka kwenye mkebe, mkebe kwenye sufuria ya maji yanayochemka, nta ikayeyuka bila kuguswa na moto. Kisha akaimimina kwenye kikombe chenye uzi uliosimamishwa katikati. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, lakini kitu nikishakiona kwa macho sikisahau. Nilidhani kazi yote ni hiyo.

Nilienda mjini, Sisibo kama tulivyouita, katika duka la Wasomali nilikozoea kununua chumvi na sabuni. Mke wa mwenye duka alikuwa amekaa nyuma ya meza, shuka begani. Nilimwambia nataka mishumaa, paketi kadhaa. Akauliza kama nina mkesha wa maombi. Nikasema hapana, nataka kuiyeyusha.

"Uiyeyushe ufanye nini?"

"Nitengeneze mshumaa."

Aliniangalia, akaiangalia mishumaa, akamwita mumewe kutoka stoo. "Njoo usikie, mzee. Huyu mama ananunua chapati apate unga."

Nilicheka nao, maana ilikuwa kweli. Kisha nikamweleza, na yeye akaacha kucheka. Alisema kwao nyumba hufukizwa. Unatia ubani kwenye makaa, unafunga mlango, na harufu inakaa hadi kwenye nguo. Kwa nini nisitie majani kwenye makaa? Nikamwambia nitafikiria.

Sikumwambia sababu, kwa kuwa niliona ni ndefu. Leleshwa ndiyo mti wa makaa huko bondeni. Baba alikuwa ameichoma miaka mingi, akifyeka shamba la mzungu na kuziba matanuru kwa udongo. Jani lake bichi lilikuwa mama, lakini moshi wake ulikuwa kazi ya mzungu. Nisingeweza kuijaza nyumba moshi huo na kumwambia aingie.

Na bado ndicho nilichokifanya, kwa ujinga wa mtu anayeanza. Niliyeyusha mishumaa ya dukani, nikafungua ushono wa mto kidogo, nikachukua konzi ya majani, nikayavunja na kuyatia ndani ya nta. Iliganda vizuri, nyeupe yenye madoa ya kijivu, na nilipenda kuitazama. Nikauwasha mshumaa huo asubuhi ili niujaribu kabla ya yeye kuuona. Moto uliposhuka kwenye majani, kila kipande kikashika kivyake, kikatoa cheche na uzi wa moshi. Kutoka kibandani nikasikia baba akikohoa.

"Mama," akaita, "nani anachoma makaa?"

Niliuzima. Nilisema ni takataka. Konzi hiyo ya majani ilikuwa imekwenda, na mto ulikuwa umezama upande mmoja.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa nikipalilia. Ndipo nikakumbuka jinsi mama mwenyewe alivyofanya. Hakuchoma jani hata mara moja. Alilitia kwenye mafuta ya vuguvugu, akaliacha hadi kesho yake, akachuja kwa kitambaa, jani akalitupa. Harufu ilikuwa imehamia kwenye mafuta. Nikajiambia kumbe nta yangu ni mafuta ya kondoo, na nimekuwa nikiitafuta dukani. Ndiyo iliyokuwa mwilini mwake.

Nilinunua mafuta ya mkia kwa mchinjaji. Nilitafuta mahali nyuma ya nyumba, nikawasha moto, nikayayeyusha, nikayatia majani, nikayaacha yalale. Kesho yake nikayapasha tena ili niyachuje. Nilipoinama juu ya sufuria na kuvuta pumzi, nilimkuta mama. Ilikuwa shingo yake. Nilikaa chini kwenye majani ya mahindi makavu, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa sauti ya chini ili baba asisikie.

Lakini mafuta ya kondoo yanapenda kukaa kwenye ngozi, hayapendi kusimama. Nilipoyamimina kwenye mkebe na kuyatoa yalipoganda, mshumaa uliinama mchana kama mtu aliyelewa. Nilipouwasha, harufu ya mama ilikaa kidogo tu, kisha ikaja nyingine. Hiyo nyingine ilikuwa mbavu. Ilikuwa nyama inayochomwa, haina jina lingine, na upepo ukaichukua.

Muda si mrefu akaja mzee jirani, yule aliyepata kipande kinachopakana na chetu, mtu wa mzaha ambaye hata mazishini alikuwa amejizuia kwa shida. Alikuwa ameshika kisu chake cha nyama. Alimkuta baba mbele ya kibanda, akamsalimia, akavuta gogo akakaa. Wakaongea habari za mvua. Wakaongea habari za mbegu. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Mzee mwenzangu, mimi sikuitwa. Ila pua imeniita."

"Pua yako imekudanganya," baba akasema. "Hata mimi nimengoja tangu saa ile, na hakuna aliyeniletea."

"Sasa kondoo yuko wapi?"

"Muulize mama yangu huyo."

Nikatoka nyuma ya nyumba na kile kitu kilichoinama mkononi, sikuwa na la kuficha. Nikamwambia mzee kwamba ni mshumaa. Aliuchukua, akaunusa mbele na nyuma, akaurudisha kwa adabu kama kinanda cha mtoto.

"Nimeona mambo tangu mkoloni," akasema. "Sijaona taa ikila kondoo na wazee wamekaa hivi wanaangalia."

Baba alicheka. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, na mzee akampiga mgongoni. Nilisimama pale nikisikiliza kicheko na kikohozi vikipokezana. Kicheko kilikuwa kile cha zamani, cha kofia na karatasi. Nilikitamani kiendelee. Kikohozi ndicho kilichoendelea.

Mzee alipoondoka, kisu mfukoni, baba aliniuliza ninafanya nini hasa. Nikamwambia nataka nyumba inukie. Hakuuliza inukie nini. Alitazama mlango wa nyumba, akatazama tena miguu yake.

Watu wengi wangeniambia, na mama mmoja sokoni aliniambia, kwamba mshumaa wa kweli ni wa nyuki. Alitoka upande wa Moiben na aliuza asali kwa chupa. Nilipomuuliza habari za nta alishangaa. Kwao masega yakishakamuliwa kwa ajili ya pombe ya wazee hutupwa, au huzibiwa kibuyu kilichopasuka. Alinipa mfuko mzima bila bei, akanionya kwamba nyuki watakuja kudai chao.

Sikumwamini. Nilichemsha masega katika maji mahali pale pale nyuma ya nyumba, saa nne, jua likiwa limetoka baada ya mvua. Kwanza alikuja nyuki mmoja akazunguka mkebe. Kisha hewa yote ikaanza kuvuma. Nilirudi nyuma nikipunga leso, jambo ambalo mtu hapaswi kulifanya, na mmoja akanichoma kwenye sikio. Baba alisikia. Alikuja bila haraka, ameng'oa majani mabichi njiani, akayaweka juu ya moto. Moshi mzito ukapanda na nyuki wakapungua.

"Usiwapungie," akasema. "Wanadhani umewaibia."

Alibaki amesimama. Mvuke wa masega ulikuwa unakuja usoni mwake. Ilikuwa harufu nzuri, ninakiri, bora kuliko zote nilizopika pale, na nta yenyewe ilipoganda juu ya maji ilikuwa ngumu na ya rangi ya kahawia, kitu cha kujivunia. Niliona ndiyo nitakayoichagua.

"Hii," baba akasema, "ni harufu ya kwa kina mama yako. Siku ya posa, tulipopeleka pombe ya asali. Wazee wao walionja wakanyamaza, wakanyamaza kabisa. Nilidhani wamekataa."

Nilingoja aendelee. Alichukua jembe lililokuwa ukutani akaenda shambani, upande wa mbali na kaburi, na hakurudi hadi jua lilipokuwa linazama. Hakula.

Niliimimina nta hiyo hata hivyo, pamoja na vijiko vya mafuta niliyoyalaza na majani. Mshumaa ulisimama wima, ukawaka kwa utulivu. Lakini leleshwa haikusikika. Asali ilikuwa imeifunika yote. Nyuki wana harufu ya kwao, na hawaiachi kwa ajili ya mgeni. Nilichokuwa nacho mkononi ni msichana wa siku ile ya pombe, ambaye mimi sikuwahi kumjua. Mama niliyemjua mimi hakuwemo.

Mto sasa ulikuwa umebaki kama mfuko wenye konzi mbili, labda chini ya hapo. Niliukamua kwa vidole nikasikia majani yakivunjika. Nilifikiria kuacha. Nilifikiria niushone tena niuweke pale pale, niwe na mahali pa kuingiza uso wangu hadi nizeeke. Huo ndio ukweli, kwamba nilikuwa ninachagua kati ya baba na mto. Usiku kibandani palikuwa na kikohozi, na asubuhi nilifungua ushono wote.

Nilirudi kwa yule mama wa dukani. "Umekuja kuchukua chapati zako," akasema, na kabla sijajibu alikuwa ameshaziweka paketi mezani. Nikamwambia nilichokosea. Alisema mshumaa wake ni mzuri kwa sababu hauna maneno, na akanifungia kwa gazeti.

Nadhani alikuwa amelijua neno nililokuwa ninalitafuta. Nta ya dukani ilikuwa nyeupe, ya bei ndogo, imetoka kiwandani nisikokujua. Haikuwahi kuwa kondoo wala nyuki. Haikumkumbusha mtu yeyote siku yoyote. Mtu akiniuliza leo achague nta gani kwa harufu anayoipenda, nitamwambia asitafute nzuri zaidi. Atafute ile isiyo na harufu yake, ambayo itabeba ya mwenzake ikanyamaza.

Niliyalaza majani yote ya mwisho kwenye mafuta kidogo ya kondoo, si mengi, yasije yakaangusha mshumaa tena. Niliyapasha kwa maji ya moto, polepole, siku mbili. Nikayachuja kwa kile kitambaa cha gunia kilichokuwa mto, kwa sababu nacho kilikuwa kimeshika harufu. Nikaiyeyusha mishumaa, nikaiepua, nikaingoja ipoe kidogo hadi ukingo ulipoanza kuwa mweupe, ndipo nikachanganya. Nikamimina katika mkebe mpana na kusimamisha nyuzi za pamba tatu, ili uwe na moto mkubwa wa kutosha chumba.

Siku iliyofuata, alasiri, mawingu yalitoka upande wa mashariki yakafunika kila kitu, na nyumbani pakawa giza. Niliweka mkebe mezani nikauwasha. Nikafungua mlango.

Haukuwa yeye. Nitasema hivyo kwanza. Lakini nta ilipoyeyuka ikawa kidimbwi kuzunguka moto, leleshwa ilitoka, laini kuliko ilivyokuwa kwenye mto, na nyuma yake mafuta kidogo, kama mtu aliyepita katika chumba akaenda kuchota maji na atarudi. Nilisimama katikati ya chumba nikiogopa kusogea.

Mvua ya mawe ilipoanza kupiga mabati, baba alitoka kibandani akaja kusimama chini ya upenu wa paa. Hilo halikuwa geni. Alikuwa amesimama hapo mara nyingi, mgongo ukielekea mlango, akingoja mawe yapungue. Sijui kama siku hiyo alikuja kwa ajili ya mshumaa au kwa ajili ya mawe. Sikuwahi kumuuliza.

Alitazama mawe yakirukaruka uani. Kisha, bila kugeuka, akasema:

"Ameingia?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni.

"Ni majani ya mto wake, baba. Na mafuta ya kondoo na nta ya dukani. Nimeviwasha tu."

"Majani yote?"

"Yote."

Akageuka. Alivua kofia, akaikung'uta maji, akafuta miguu yake kwenye gunia, kwanza mmoja, halafu wa pili, kwa makini, kama anayeingia kwa watu. Alisimama kizingitini.

"Hodi," akasema.

Sikujua kama ni mimi niliyepaswa kujibu, kwa hiyo sikujibu. Alingoja kidogo. Kisha akaingia, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na meza, mikono juu ya magoti, akautazama moto. Mawe yalikuwa yanapiga juu hivi kwamba tusingesikiana hata tukiongea. Yalipopungua akainama kuelekea kwangu.

"Uzime, mama. Utaisha."

Nililowesha vidole nikauzima, uzi mmoja mmoja. Tulikaa gizani. Harufu ilibaki, na kwa muda ilikuwa nyingi zaidi. Nilimsikia akiivuta ndani na kuishikilia.

Baadaye alisema anahisi baridi, na akaniomba nimletee blanketi lake kutoka kibandani. Nikajifunika gunia kichwani, nikatoka kwenye mvua kulichukua.